Udongo wa Kabula

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni mama wa hapa Mkolani. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitasema kwa maneno machache jinsi Mungu alivyonitoa mahali pabaya.

Kazi yangu ni kuchora kuta. Sichori ng'ombe wala watu. Nachora mistari, pembe na nukta, kwa udongo mwekundu, majivu na mkaa uliosagwa. Mvua huila kazi yangu, na kila kiangazi naanza upya. Jirani yangu, Mama Masanja, alikuwa akipita na ndoo yake anasimama.

"Mama Kabula, hata kuku mmoja? Mgeni akiuliza ni nini hiki, nimjibuje?"

"Mwambie ni mistari."

"Haya. Jioni tutakula mistari."

Binti yangu Kabula alikuwa akinisaidia. Alichovya kidole kwenye majivu akaweka nukta pale nilipomwonyesha, na pale nisipomwonyesha. Ilikuwa miaka ile watu wa mjini walipoanza kuzungumza habari za uhuru. Kiangazi kimoja surua ilipita kwetu, ikamchukua.

Ndugu zangu, kwetu matanga yakiisha nyumba hukandikwa upya. Nilikataa. Nukta zake zilikuwa ukutani, pale chini mkono wake ulipofika. Niliweka kigoda nikakaa hapo. Sikulima, sikupika, kanisani sikwenda. Mungu sikumlaani, ila sikuwa na neno la kumwambia. Watu wakasema nimemfunga mtoto ukutani kwa dawa, na kwamba michoro ile isiyo na sura ndiyo iliyomuua. Mume wangu hakuyaamini, lakini aliogopa. Ndugu zake wakasema nikandike, au nirudishwe kwetu.

Kisha mvua zikaanza. Niliegemeza mabua, nikatundika mkeka. Haikufaa. Udongo ulimeguka, nukta zikaanguka kwenye tope, nami nikaokota vipande na kuvitia kapuni. Siku hiyo niliwaza kushuka ziwani, kule kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, nisirudi tena. Nalisema hili kwa sababu ni kweli.

Asubuhi akaja mama mkwe. Nilijua ametumwa kunitoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kapuni mna nini?"

"Mna Kabula."

Hakucheka. Aliketi chini taratibu, maana magoti yake yalikuwa mabovu.

"Wewe mchora kuta, udongo mpya mtupu unashika?"

"Haushiki, mama. Unapasuka."

"Sasa unaushikisha na nini?"

Nikalitazama kapu. Kila mwanamke wa kwetu anajua. Udongo wa zamani uliobanduka haumwagwi. Unalowekwa, unakandwa pamoja na mpya, na huo ndio unaoshika.

"Mimi nimezika wanne," akasema. "Wote wamo kwenye kuta zangu. Lete maji."

Tukaviloweka vile vipande. Nilikanda huku nalia, na yeye hakuniambia ninyamaze. Nilipopaka konzi ya kwanza ukutani ndipo nikasali, baada ya muda mrefu. Nilisema, "Bwana, huyu hapa. Mshike." Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Lakini ziwani sikwenda, na jioni hiyo nilipika.

Uhuru ulipofika majirani wakaniomba nichore bendera. Rangi ya kijani sikuwa nayo, nikachora mistari yangu. Mama Masanja akatazama sana. "Basi na iwe bendera," akasema.

Mpaka leo nabandua, naloweka, nakanda, nachora. Sitawadanganya, bado namlilia. Mama mkwe naye tumemzika, na kiangazi hiki nilikwenda kwake na ndoo, nikabandua kipande cha ukuta wake nikaja kukichanganya na wangu.

Namshukuru Mungu aliyemtuma mama yule. Na wewe uliyekaa nyuma pale, umekumbatia kapu lako, usiambiwe ulimwage kwanza ndipo uje. Njoo nalo. Yesu anaujua udongo.