Nyayo za Mzee Nzuki

Apa kwanza. Apa kwa maziwa uliyonyonya kwamba hutamwambia mtu, maana nami niliapa hivyo hivyo mbele ya mke wa huyo mzee tukichambua pojo, na tangu siku ile sijafungua mdomo ila kwa dada yangu, kwa fundi wa cherehani, na sasa kwako.

Ilikuwa Jumamosi ya soko Kanyangi, mwaka wa themanini na nane, na benchi la Faki muuza kahawa lilikuwa limejaa. Pembeni kabisa aliketi Mzee Nzuki, miaka hamsini na moja, ndiye anayesoma matangazo kanisani, miguu yake imekuwa mizito kama magunia ya mchanga uliolowa. Daktari wa Kitui alikuwa amemfunga kile kitambaa cha mkono, akakijaza upepo, akatikisa kichwa: presha. Ndiyo iliyomzika kaka yake. Tembea sana mzee, na ukiweza, kimbia. Basi Nzuki alikuwa akikimbia. Wiki ya sita sasa, hadi mtoni na kurudi, kabla jua halijatoka, kwa sababu Kanyangi mtu mwenye wajukuu akionekana anakimbia, majirani hukamata marungu kwanza ndipo waulize.

Na hapo ndipo balaa ilipoingia. Mbuzi wa Kilonzo alikuwa amepotea tangu Alhamisi, na kwenye njia ya mtoni zilionekana nyayo za akala, vile viatu vya tairi, nyayo za mtu anayekimbia.

— Mtu mzima hakimbii bure, alisema Kilonzo. Walimwita Hasara, kwa kuwa hakuwa na hadithi nyingine. — Huyo anakimbia na mbuzi wangu.

— Si wako peke yake, alisema Ndolo, ambaye wote walimwita Redio. — Huko Matiliku wamepotea kumi. Ni kikundi, bwana. Wamefunzwa mbio Uganda.

— Uganda tena? aliuliza Faki.

— Sasa! Wanapokezana mbuzi njiani kama wale watoto wa shule na kile kijiti chao. Wa mwisho anamtupa kwa lori.

Nzuki alipiga funda la kahawa. Misuli ya miguu ilikuwa inamwaka moto. Neno "ni mimi" lilipanda mpaka kooni likageuka likarudi. Nani angemsikiliza kesho akisoma matangazo, watu wakijua anarukaruka vichakani na kaptura ya mwanawe?

— Mzee Nzuki, mbona umenyamaza kama mgeni? aliuliza Ndolo.

— Nimechoka tu.

— Kila asubuhi umechoka siku hizi! Ama mama watoto anakulimisha na usiku?

Faki alicheka hata kahawa ikamwagikia kidole.

— Mimi naona tunapoteza wakati, Ndolo aliendelea. — Zile nyayo zinaanza katikati ya njia. Hazitoki kwa boma la mtu. Hilo ni jini.

— Jini kavaa akala? aliuliza Faki.

— Na miiba yote hii ya Ukambani, wewe ungekuja miguu mitupu?

— Jini ama mtu, mbuzi ni wangu, alisema Kilonzo. — Nimeita Kivuva. Akishampata, huyo mtu nampeleka kwa chifu na kamba shingoni, awe nani awe nani.

Kivuva alikuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini. Akisoma nyayo zako atakuambia hata kama ulikula. Nzuki aliwaza kuondoka, lakini miguu ilikataa kuinuka, na alipojaribu mara ya pili Kivuva alikuwa ameshafika, na uzi wa katani mkononi umefungwa fundo mahali urefu wa kiatu unapoishia.

— Mbuzi wako alikata kamba mwenyewe, alimwambia Kilonzo. — Hakuna mguu wa mtu karibu naye. Yuko huko chini anakula kunde za shemeji yako.

Kilonzo hakufurahi. Alikuwa ameshazoea kuibiwa.

Nzuki alivuta pumzi mpaka chini kabisa. Alikuwa ameokoka. Alichobakiza ni kumaliza kahawa, aage watu, aende akalale.

— Na huyo wa mbio? aliuliza Ndolo.

— Aa, huyo ni kazee fulani tu, alisema Kivuva. — Mguu wa kushoto anauburuta. Hatua zake ni fupi, kama kuku aliyefungwa. Mgonjwa, ama ametoka kwa pombe.

Nzuki alikishika kikombe kwa nguvu.

— Halafu pale kilimani anasimama mara tatu. Ya kwanza ameshika mti. Ya pili ameketi. Ya tatu amelala kabisa, nimeona alama ya matako.

Benchi lote lilicheka. — Hata kobe angempita! alisema Kilonzo.

— Mara moja!

Waligeuka. Nzuki alikuwa amesimama, kahawa inamchuruzika mkononi.

— Nasimama mara moja tu! Na sikulala, nilikuwa nafunga akala! Wiki ya kwanza, ndiyo, nililala, lakini sasa kile kilima nakimaliza chote!

Kivuva alimketisha taratibu, akainua mguu wake wa kushoto kama mtu anayekagua kwato ya punda, akaulaza mapajani, akanyoosha uzi juu ya soli. Fundo liliangukia ncha ya soli, sawasawa.

— Asi! Ndolo alishika kichwa. — Mzee wa kanisa!

Wauza nyanya waliacha nyanya zao wakaja. Kilonzo alipanda juu ya benchi ili aone vizuri.

— Lakini mzee wangu, aliuliza Faki kwa upole, birika likiwa hewani, — ni nini kinakufukuza?

Nzuki aliwatazama mmoja mmoja. Habari ya presha hakuwaambia; alimnyooshea Faki kikombe aongezewe kahawa, mguu wake ukiwa bado mapajani mwa Kivuva.