Ngao ya Mama Mkwe

Mabenchi mawili na meza ya ubao katikati: kijiwe ni hicho tu, mbele ya kibanda cha Mihuri. Jina hilo kalipata kwa kazi yake ya kuchonga mihuri, na mwezi huu kaongeza leza, mashine ya fremu tupu isiyo na kitako. Unaisimamisha juu ya kitu, nayo inachoma maandishi kwa mwanga wa buluu. Kibandani haienei. Kwa hiyo asubuhi ile aliitega juu ya meza ya kijiwe, akawaonya watu wasiukodolee macho ule mwanga, nao wakageuka upande wa pili, vikombe mapajani, wakinung'unika. Chini ya mashine kulikuwa na ngao ya plastiki angavu, ile ngumu inayong'aa kama kioo. Mama mkwe wake anaagwa saa nane mchana baada ya miaka thelathini na moja ya ukunga, na mke wa Mihuri alisema neno moja tu: usiniaibishe. Mashine ikalia dakika ishirini. Ikanyamaza. Mihuri akaiondoa, akainyanyua ngao. Tupu! Hata nukta.

Bi Kahawa, muuzaji wao, hakungoja. Akaitua sinia yake mezani kabla watu hawajabadili mawazo.

— Umeme huo, — akasema Rubani, ambaye hajawahi kupanda ndege. — Umeme wa asubuhi ni mwepesi. Unawasha taa, lakini kuchoma hauchomi.

— Jana asubuhi imechoma mbao, — Mihuri akajibu. — Imechoma mkanda wangu wa ngozi. Imechoma na plastiki nyeusi.

— Basi ni programu, — akasema Dokta, fundi simu. — Hiyo plastiki ni ngeni, mashine haijaitambua. Ungeitambulisha kwanza.

— Niitambulishe vipi, niipe mkono?

— Wewe cheka tu.

— Mimi nasema maandishi yamo, — Rubani akadakia. — Yameingia ndani. Tia kwenye friji, yatatoka yenyewe.

— Yatatoka kwenda wapi?

— Juu! Si joto liliyasukuma chini? Baridi itayapandisha.

— Rubani, hebu kunywa kahawa.

Mihuri hakucheka. Ngao ilikuwa hiyo hiyo moja, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa njiani kuja kuichukua. Simuni kulikuwa na ujumbe wa muuza mashine, wa wiki mbili zilizopita: mzee, chagua kichwa cha leza. Cha buluu ni cha mbao na ngozi. Cha bomba la gesi ni cha kioo na plastiki za kila rangi. Cha vyuma ni cha vyuma. Yeye alijibu: nipe kinachochonga vyote. Muuzaji akamwambia hakuna kitu kama hicho, naye akachukua cha buluu kwa kuwa kilikuwa chepesi kubeba.

— Kosa ni lenzi, — Dokta akaendelea. — Ungeweka mbili, moja juu ya nyingine.

— Tatu! — akasema Rubani.

— Mbona mimi nimeona moshi? — akauliza Bi Kahawa huku akimimina.

— Moshi gani?

— Moshi, jamani. Umeniingia puani. Kama hakuna kilichoungua, umetoka wapi?

Mihuri akaigeuza ngao. Upande wa chini ulikuwa na masizi. Akapitisha kidole, kikatoka cheusi.

— Mungu wangu, — akasema taratibu. — Umepita. Plastiki nyeusi inaukamata ule mwanga wa buluu. Hii inaupitisha kama dirisha.

— Umepita ukaenda wapi? — akauliza Rubani.

Mihuri akainyanyua sinia.

Pale kwenye ubao, kwa herufi nene kidogo maana leza ililengwa juu ya ngao na si juu ya meza, palikuwa pameandikwa: MKUNGA WETU. MIAKA THELATHINI NA MOJA. UMETUPOKEA SOTE. ASANTE MAMA.

— Rudisha sinia, — akanong'ona Dokta. — Shemeji yako yule anakuja.

Sinia ikarudi. Shemeji akasalimia, wakaitikia wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno.

— Shem, iko tayari? Dada kanipigia mara tatu.

— Iko... karibu kahawa, shemeji.

— Sinywi. Iko wapi?

Mihuri akampa ngao. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaiinua juani.

— Maandishi yako wapi?

Rubani akafungua mdomo, pengine aseme habari za friji, Dokta akamkanyaga. Mihuri aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mwishowe akainyanyua sinia mwenyewe.

Shemeji akasoma. Akayapitishia maandishi kidole, neno moja moja, mpaka mwisho.

— Umetupokea sote, — akarudia.

— Mimi alinipokea, — akasema Rubani, na safari hii hakuwa na utani. — Mama yangu alikuwa akisema nilitanguliza miguu. Bila yule mama, nisingekuwepo hapa.

— Na wanangu wote wawili, — akasema Bi Kahawa.

— Nitaagiza kichwa cha bomba la gesi, shemeji, — Mihuri akaanza. — Nipe wiki moja, ngao nyingine...

— Ngao ya nini? — Shemeji alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. — Hii meza ni ya nani?

Wakatazamana. Dokta akamtazama Rubani, Rubani akamtazama Bi Kahawa. Miaka yote hiyo wameiwekea viwiko, wamebishana juu yake kuhusu mipira na ndoa za watu, na hakuna aliyejua imetoka wapi.

— Mimi niliikuta, — akasema Bi Kahawa.

— Na mimi niliikuta, — akasema Dokta.

— Basi shikeni huko, tumpelekee mama, — akasema shemeji.

Mihuri na Dokta wakaibeba wakivuka barabara, shemeji mbele na ngao tupu kwapani. Waliobaki wakakaa kwenye mabenchi yao, vikombe mapajani, na mara hii hakuna aliyenung'unika.