Saad Ubaid na Programu Inayotafuta Majirani

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Bwana Saad Ubaid anastaafu baada ya kuutumikia ushirika wetu wa maziwa hapa Subukia kwa miaka thelathini na mmoja. Anaacha meza safi, mizani isiyolalamikiwa, na programu nyingi za kompyuta alizozianza bila kuzimaliza. Moja kati ya hizo haiwezi kuachwa hivyo, kwa sababu kuna watu wanaoingojea.

Alizaliwa Bondeni, Nakuru, katika ukoo uliofika na reli kutoka pwani. Alianza hapa kama karani wa kupokea maziwa. Kompyuta ya kwanza ya ushirika ilipoletwa, ilikaa wiki nzima imefunikwa kitambaa cha kufuma, jinsi tunavyofunika redio nyumbani, kila mtu akiogopa kuiharibu. Saad ndiye aliyekiondoa kitambaa. Akajifundisha kuandika programu siku za Jumapili, bila kuagizwa na mtu, kama vile mwingine anavyofuga njiwa.

Mawazo yake tuliyapata saa nne, wakati wa chai. Programu ya kusikiliza mvua juu ya bati na kusema imenyesha kiasi gani. Programu ya kuzima kipaza sauti mwenyekiti anapozidisha hotuba. Programu ya kukunong'onezea jina la mkwe wa rafiki yako kabla hujaingia harusini. Alishikilia kwamba wazo zuri ni lile ambalo mtu wa kwanza atakayelitumia unaweza kumwonyesha kwa kidole, akiwa bado na kikombe mkononi. Na kwamba programu ya kujifurahisha iwe ndogo, uweze kuibeba yote kichwani ukienda msikitini na kurudi.

Anayetupikia chai, jina lake Wangu, ambaye sote tunamwita Mama Lynn, hakushawishika upesi.

"Bwana Saad, hapo sasa umeanza. Ile ya mvua ulimaliza?"

"Ile inapumzika, Mama Lynn."

"Kwako programu hupumzika kuliko watu."

Ile ya afya ya ng'ombe aliimaliza. Mwanachama asipoleta maziwa, programu ilimtumia ujumbe daktari wetu wa mifugo, Peterson, aende kuangalia kuna ugonjwa gani. Basi kila Jumapili asubuhi Peterson akawa anapashwa habari kwamba ng'ombe wa upande mmoja wa Kabazi wameugua wote kwa pamoja. Akapanda pikipiki na sanduku la dawa, akawakuta wanacheua kwa raha zao.

"Daktari, jana ilikuwa Sabato," mzee Waithaka alimweleza. "Maziwa ya Sabato hatuuzi, ni ya watoto na wageni. Lakini umekuja vizuri, chai iko."

Jumapili ya tatu walimwekea kikombe kabla hajafika. Saad, ambaye hajawahi kukosa swala ya Ijumaa, alijicheka kuliko sisi tulivyomcheka. Siku yake ya ibada aliijua. Ya wenzake aliisahau. Aliirekebisha programu ianze kwa kumuuliza kila mwanachama siku yake ya mapumziko, na tangu hapo hajaandika programu isiyowauliza watu kwanza.

Ndipo likaja wazo la programu aliyoiita Jirani. Wengi wetu hapa, wafanyakazi na wanachama, hatukuzaliwa Subukia. Tulitoka mashambani kwetu kwa haraka miaka ile ya vurugu za uchaguzi, majirani wakatawanyika kila mmoja na upande wake. Wangu ni mmoja wetu. Siku moja, akiosha vikombe, alisema angependa tu kujua kama Chepkorir, jirani yake wa ng'ambo ya ua, yuko hai. Namba za simu za wakati ule zilikwisha kufa. Saad akaweka kikombe chini.

Wazo lilikuwa rahisi. Mtu anatuma ujumbe kwa simu akitaja jirani zake wa zamani, na programu inawaunganisha wawili waliotajana. Kwa mwaka mzima haikuunganisha yeyote. Watu waliitana kwa majina ya watoto, na akina Mama Jeff wamejaa Bonde la Ufa. Alishauriwa aulize kabila na namba ya shamba. Alikataa, alisema maswali hayo yalikwisha kuulizwa vya kutosha. Badala yake alimuuliza Wangu ni kitu gani cha nyumbani kwake ambacho Chepkorir hawezi kusahau.

"Mbwa wetu," Wangu akajibu. "Nilikuwa namwita kutwa, mpaka wao wakachoka."

Mbwa huyo aliitwa Meneja, kwa sababu alilala mchana na kuamka saa za kula. Jirani ikaanza kuuliza majina ya mbwa.

Mwezi Mei ukaja ujumbe kutoka Longonot, kwa mama anayeuza mahindi karibu na stesheni. Jirani yake wa upande wa juu, aliandika, alikuwa na mbwa aitwaye Meneja. Saad hakungoja saa nne. Alipiga namba ile, akafungua spika, akampa Wangu simu.

"Chepkorir, sufuria yangu uliyoazima iko wapi?"

Kikasikika kicheko.

"Ilitoboka kitambo. Wangu, ni wewe? Mmebaki wangapi?"

"Tuko wote."

Chai ya siku ile ilipoa mezani.

Wengine bado hatujaunganishwa. Mwandishi wa maneno haya ametuma jina la mbwa wake, Kapteni, na hajajibiwa. Kwa hiyo habari za kustaafu zilipotufikia, tuliulizana kama Jirani nayo itaenda kupumzika na ile ya mvua. Saad ameahidi mbele ya mwenyekiti kwamba haitapumzika. Mkewe, Bi Nuria, ameipa kompyuta meza sebuleni Bondeni, na wazo jipya halitaruhusiwa mlangoni hadi hii iishe. Mama Lynn amesema atapita kukagua.

Asante, Bwana Saad, kwa kazi, kwa vicheko, na kwa kutuuliza kwanza. Mwenyezi Mungu akujalie afya, macho yasiyochoka na umeme usiokatika. Asubuhi lala upendavyo. Mchana washa kompyuta. Simu zetu hatuzizimi.