Mihuri ya Mwalimu Maragatham

Hili sijamwambia mtu yeyote: mwezi uliopita nilimdanganya Mwalimu Maragatham, na kwa kuniamini amechagua mahali pa kuishi uzeeni. Ninaliandika humu, katika kijitabu cha kumuaga, kwa sababu siwezi kumsifu mtu huku nimemficha jambo.

Mwalimu Maragatham anastaafu tarehe 30 Aprili, baada ya kuitunza maktaba ya shule yetu hapa Pollachi kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuta kabati mbili na mchwa. Anaacha vitabu elfu sita, kila kimoja kina majani ya mwarobaini ya kuzuia wadudu ndani na karatasi ya mihuri ya tarehe nyuma ya jalada. Aliyechelewesha kitabu hakutozwa faini. Alisimamishwa akasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Hata mwalimu mkuu alisomeshwa habari za wadudu wa minazi, baada ya kukaa na kitabu hicho miaka minne.

"Sauti, Bwana Mkuu," alimwambia. "Wadudu wenyewe wamezeeka wakikungoja."

Wadogo humwogopa. Mimi, nisiyeweza kusema mbele ya watu, nilipata kwake kiti cha dirishani tangu darasa la sita, na hakuniuliza hata siku moja kwa nini sichezi na wenzangu.

Hana mume wala mtoto. Mwaka jana aliteleza bafuni akalala sakafuni mpaka muuza maziwa alipokuja kugonga mlango. Mpwa wake wa Chennai anamtaka akaishi kwake. Amekataa. "Nile wali huku nikichungulia uso wa mke wa mtu?" Anachotaka ni makazi ya wazee wanaojitegemea: nyumba ndogo, ufunguo wake mwenyewe, chakula kutoka jiko la pamoja, na kengele ya dharura kando ya kitanda.

Baada ya kuchuja, yalibaki makazi mawili. Ya kwanza yako hapa mjini, dakika kumi kwa baiskeli kutoka shuleni. Mengine yako chini ya milima, ng'ambo ya Coimbatore, safari ya mabasi mawili. Alinichukua nikamsaidie kuyakagua. Yeye alipima ngazi, akafungua mabomba, akaonja mchuzi wa dengu. Mimi alinituma kwenye maktaba ya kila makazi.

"Msimamizi ataniambia anachotaka yeye," alisema. "Muhuri haulipwi mshahara. Angalia vitabu vimeazimwa lini mara ya mwisho. Penye wasomaji sitakosa wa kugombana naye."

Mjini, muhuri wa karibuni kabisa ulikuwa wa miaka mitano nyuma. Chini ya milima niliona mihuri ya wiki ileile, na wazee wawili wakizozana kwa minong'ono, kila mmoja ameshika upande wa riwaya moja. Bibi mmoja aliniuliza, "Binti, mmemleta nani? Anasoma au anakoroma?"

Nikayafikiria yale mabasi mawili.

Tulipokuwa tunarudi kutoka milimani Mwalimu aliuliza, "Enhe, mihuri inasemaje?"

"Ya huku imekufa, Mwalimu. Ya mjini iko hai."

Aliandika hivyo kwenye daftari lake. Hakuniuliza mara ya pili, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kesho, Ijumaa, saa za mkosi, zile za kabla ya adhuhuri, zikishapita, anakwenda kutia sahihi mjini.

Mwalimu, kwa niaba ya shule nzima, asante kwa kila jani la mwarobaini na kila ukurasa uliotusomesha. Uzee wako uwe mwema, uwe na majirani wabishi, na uwe mahali ulipopachagua kwa kuujua ukweli.

Mpaka hapo niliandika Alhamisi. Ijumaa saa nne na nusu niliomba ruhusa nikaenda kwake kwa baiskeli, ukurasa huu ukiwa mfukoni. Alikuwa ameketi sebuleni, amevaa sari ya kutokea, akingoja saa sita, maana katika saa za mkosi hakuna anayeanza jambo. Nilimwambia yote.

"Kwa hiyo ulihofia umbali."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mpumbavu wee. Mabasi mawili, si bahari mbili."

Alinisukumia daftari na kalamu nyekundu. Katika maktaba yetu kosa halifutwi. Hupigwa mstari mmoja, la kweli huandikwa juu yake, na aliyekosea hutia sahihi. Nilifanya hivyo. Saa sita na dakika tano alipiga simu kule milimani. Nyumba ya bustanini aliyoipenda ilikuwa imeshachukuliwa; iliyobaki inatazamana na jiko. Alisema ataichukua.

Kisha alinihukumu kama yeyote aliyechelewesha kitabu. Nilisimama katikati ya sebule nikamsomea ukurasa huu, kuanzia mstari wa kwanza, kwa sauti.