Mtungi wa Hewa na Leseni ya Kobe

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Hifadhi ya Mlima; viongozi mliofuatana naye; wenye kampuni za kupandisha wageni; wapagazi, wapishi na waongozaji wenzangu: hamjambo nyote.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu kwenye banda letu la kupimia mizigo, ambalo leo limefagiliwa mpaka mizani yenyewe inashangaa. Kelele unazosikia nyuma ya mabati ni za wenzetu wanaofungasha mahema ya safari ya leo. Tunakuomba radhi kwa niaba yao. Mlima haujui sherehe, na wageni wao wameshavaa buti.

Anayekusomea risala hii ni mpishi wa safari. Wenzangu wamenichagua kwa sababu nina sauti ya kuita watu chakula upepo ukivuma, na kwa sababu nilikuwepo siku ya jambo tutakalolieleza mbele.

SISI NI NANI

Sisi ndio tunaobeba likizo za watu. Mgeni anakuja na fimbo zake mbili na kofia yake, anatembea na mwongozaji wake, na akifika kambini anakuta hema limesimama, supu inatoa moshi na maji ya kunawa yana uvuguvugu. Hivyo vyote vimempita njiani vikiwa kichwani mwa mtu. Yupo mwenzetu abebaye hema la choo. Sisi tunamwita Waziri wa Faragha, na hakuna waziri anayengojewa kwa hamu kama yeye.

Umoja wetu ulianza kama mchango wa mazishi. Mpagazi akifa, tulichanga. Baadaye tukaona haya kukutana msibani tu, tukaanza kukutana tukiwa hai.

TULIYOFANIKIWA

Tumefaulu kupima mizigo langoni, ili asibebeshwe mtu mzigo wa punda. Tuna stoo ya makoti na buti za kuazimana, na akina mama sasa wanapanda kama wapishi, jambo ambalo zamani lilichekwa. Waliocheka wanakula chakula chetu na kuomba kuongezewa.

Kwa hayo tunaishukuru ofisi yako. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tunaomba leo utupokee mzigo mmoja, uuone uzito wake.

YALIYOTUPATA KAMBI YA JUU

Mgeni rasmi, msimu uliopita tulimpandisha mama mmoja, mkunga mstaafu. Alituambia kwamba tangu akiwa msichana aliutazama mlima huu kwenye picha ya kalenda, akajiahidi kuupanda siku atakayopumzika kazi. Watu hujiahidi mengi. Yeye alikuja, na magoti yake yanayolia na kicheko chake.

Mwongozaji wake alikuwa mwenzetu tunayemwita Kobe, kwa kuwa hutembea taratibu na hajawahi kumwacha mtu nyuma. Miongoni mwa wapagazi alikuwemo Chuma. Huyo jina lake lamtosha: hakuwahi kulalamikia mvua, mzigo wala njaa.

Tulipofika kambi ya mwisho chini ya kilele, mchana, ukungu ukiwa umeanza kushuka, Chuma alitua mzigo akakaa juu yake. Hakuja kuchukua chai. Mimi nikampelekea, nikamkuta anakohoa, na midomo imegeuka rangi. Nikamwita Kobe.

Kobe akachuchumaa mbele yake. "Chuma, nitazame. Mkeo anaitwa nani?"

"Usinitanie, kaka," Chuma akajibu. Lakini jina hakulitaja. Alikuwa analitafuta na halioni.

Mkunga alikuwa ameshatoka hemani. Akaweka sikio mgongoni kwa Chuma, kama alivyozoea kuweka kwenye matumbo ya wazazi. "Mwanangu, kikohozi hiki kimekuanza lini?"

"Vumbi tu, mama."

"Huku hakuna vumbi, kuna barafu. Lini?"

Ndipo aliposema: tangu kambi ya kwanza. Alikuwa akiumwa kichwa, akijikaza, akicheka tulipocheka. Mgeni rasmi, sisi tulielewa kwa nini alinyamaza. Mpagazi akisema anaumwa hurudishwa chini, na safari ijayo msimamizi humruka kama hamwoni. Mficha maradhi kilio humfichua, twaujua msemo huo. Tunaujua, na bado tunaficha.

Katika mizigo yetu kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, umefungwa kwa lakiri ya kampuni. Mtungi huo ni wa mgeni. Sheria imeandikwa hivyo, na kila mwongozaji ameitia sahihi. Kobe akautoa, akamgeukia mkunga.

"Mama, huu ni wako. Nikiufungua, kesho siruhusiwi kukupandisha kileleni."

Mkunga akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwani kilele kinahama? Fungua."

Kobe akavunja lakiri.

Tulifunga machela kwa nguzo za hema, tukamshusha kwa kupokezana, miguu ikiteleza kwenye mawe. Kobe hakutaka kupokewa. Mkunga alitembea kando ya machela akishika mtungi usigongwe, na kila nilipomwambia apumzike alisema, "Nimepokea watu maisha yangu yote, sitaanza leo kuwaangusha." Magoti yake yalikuwa yamevimba hata akashindwa kuyakunja, lakini hilo tulilijua baadaye.

Tulipofika kambi ya chini Chuma alifumbua macho akauliza, "Mzigo wangu kaubeba nani?" Tulicheka na kulia kwa pamoja, ukungu ukatusitiri. Daktari aliyempokea alisema mapafu yalikuwa yamejaa maji, na kama tungengoja kuche tungeshusha maiti.

Chuma yu hai. Yupo pale karibu na mizani, ndiye aliyepima mzigo wa zawadi ulizotuletea. Mlima hapandi tena. Jina la mkewe amelikumbuka, na mkewe anamtania kwalo kila siku.

CHANGAMOTO

Mkunga mwenyewe hakulalamika. Kampuni ndiyo iliyolalamika: mtungi umetumika kwa asiyehusika, na safari imekatizwa. Ofisi yako ikachukua leseni ya Kobe hadi uchunguzi ukamilike. Haujakamilika. Kobe sasa anaosha buti za wageni hapa langoni. Mama yake mzazi akiulizwa husema mwanawe yuko likizo.

Tungeweza kuishia hapo, lakini kuna la pili. Mvua zilipokwisha, mpagazi mwingine alianza kutapika kambi ya juu. Mwongozaji wake alimtazama, akatazama mtungi, akamkumbuka Kobe. Akamuuliza, "Unaweza kuvumilia mpaka kesho?" Mpagazi akasema anaweza. Sote husema hivyo. Kulipokucha alikuwa ameondoka peke yake kushuka, akakutwa amejikunyata chini ya mwamba. Tunamshukuru Mungu alipona, ila vidole vya mguu mmoja vilikatwa kwa baridi. Mwongozaji huyo si mtu mbaya. Yumo humu, na ndiye aliyetaka tulisome hili.

Mkunga alirudi mwezi jana kumaliza safari yake. Akasema hapandi ila na Kobe. Akaambiwa Kobe hana leseni. Basi wakatembea wawili mpaka mwisho wa msitu, pale panaporuhusiwa mtu yeyote, wakanywa chai ya chupa, wakarudi wakichekana kama shangazi na mpwa wake. Baadhi yetu tuligeuza nyuso. Alipokuwa akiondoka alimwambia Kobe, "Nina magoti ya msimu mmoja zaidi. Usiyacheleweshe."

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, hatukuja kuilaumu ofisi. Wewe uliikuta sheria hii kama sisi tulivyoikuta.

Tunaomba Kobe arudishiwe leseni wakati nafasi ya kupanda na mkunga ingali ipo. Tunaomba hewa iliyo kwenye mizigo iwe ya yeyote aliye safarini na anayeihitaji, mbeba fimbo na mbeba hema. Na mpagazi atakayesema "naumwa" aitwe tena safari ijayo, ili watu wajifunze kusema mapema.

Tulikaa kikao juu ya jambo moja la mwisho, tukabishana, tukakubaliana likusomewe kwa heshima zote. Akianguka mwingine kesho kule juu, tutavunja lakiri. Waongozaji wote waliomo humu wameinua mkono, na yule mwongozaji wa kisa cha pili ndiye aliyetangulia kuinua. Tunakuomba ubadilishe sheria upesi, kwa sababu hatupendi kuwa wavunja sheria, na hatutaacha mtu afe.

Mungu akupe pumzi katika kila mwinuko, na ushukapo akurudishe nyumbani ukiwa mzima. Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Umoja wa Wapagazi, Wapishi na Waongozaji wa Mlima