Mafuta Niliyompaka Binti Yangu

Mwangaluka, mayu, habari za asubuhi mama zangu. Mwangaluka na ninyi akina baba mliokaa huko nyuma karibu na mlango. Mwenyekiti wenu aliniita nije kuwafundisha kutengeneza mafuta ya gliserini, na vifaa nimekuja navyo, mnaviona pale mezani. Nikamwambia nitakuja kwa sharti moja: kwanza mnisikilize. Nikianza na mafundisho mtafurahi, mtaandika kwenye madaftari yenu, mtaondoka, na jambo lenyewe nitarudi nalo tumboni. Sitataja jina la mtu. Wengine wako hai, na mmoja hayupo.

Mimi nimezaliwa Mwamapalala, nikaolewa hukohuko. Mume wangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, yule anayepima pamba za watu na kuwaandikia stakabadhi. Tulijaliwa watoto wanne. Wa tatu alikuwa msichana mwenye ualbino. Leo tunasema hivyo. Wakati ule tulisema zeruzeru, hata mimi mama yake nilisema, maana sikuwa na neno lingine. Alipozaliwa, mama mkwe wangu alimfunua kwenye kanga, akamtazama muda mrefu, akasema, "Huyu ni wetu," akamfunika tena. Pale nyumbani hakuna aliyenisumbua baada ya neno hilo.

Kilichonitesa ni ngozi yake. Mnajua upepo wetu wa kiangazi. Midomo ilipasuka mpaka ikatoka damu akicheka, na alikuwa mtoto wa kucheka sana. Mikono ilikuwa na magamba. Na maduka miaka ile yalikuwa matupu, sabuni yenyewe ya kupangia foleni, seuze mafuta ya kujipaka. Nilimpaka samli, akanuka, wenzake wakamkimbia. Nilimpaka mafuta ya mbegu za pamba, vumbi likamganda. Shuleni hakuona ubao, mwalimu akamweka mbele, bado hakuona. Darasa la nne akaacha.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Biashara zikafunguliwa, maduka ya Bariadi yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau majina yake. Mitumba ikaja kwa marobota. Na wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na mizani yao wenyewe. Chama chetu kikadhoofika, ghala likafungwa, mume wangu akarudi nyumbani na kalamu mfukoni, hana pa kuiandikia. Tukahamia mjini Bariadi, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Somanda.

Mjini kulikuwa na mwenye duka mmoja, Mwislamu, mtu mpole. Siku moja nimekwenda kununua chumvi, binti yangu nimemshika mkono, ana miaka kumi na miwili. Yule baba akamwangalia mikono, akaingia ndani, akatoka na kichupa.

"Mama, mjaribishie hii. Ni gliserini."

"Ni dawa?"

"Si dawa. Inatolewa kwenye mafuta ya mimea. Ionje."

Nikaonja kwa kidole. Tamu! Binti yangu naye akaonja, akataka tena.

"Kazi yake ni kushika maji," akasema. "Lakini usiipake peke yake. Ikikosa maji ya kushika itayavuta kwenye ngozi yenyewe, utamkausha zaidi. Changanya na maji yaliyochemshwa yakapoa, na umpake akitoka kuoga, mwili haujakauka."

Nikafanya hivyo. Kipimo kimoja cha gliserini, vitatu vya maji, na marashi ya waridi kidogo kwa harufu. Ndugu zangu, nawaambia, baada ya wiki mbili nilimshika mtoto wangu mkono nikadhani nimeshika wa mtu mwingine. Laini. Midomo imefunga. Alijishika mashavu siku nzima. "Mama, nimekuwa kama mtoto mchanga!"

Majirani wakaona. Mmoja akaja na kichupa chake kitupu nimchanganyie, mwingine akaja, na mume wangu hana kazi. Ndivyo nilivyoanza biashara. Sikuwa na ubao wala tangazo. Nilikuwa na binti yangu. Siku za mnada tulitandika turubai, tukapanga chupa, na akina mama wakisita nilisema, "Mtazameni huyu. Mnajua ngozi za hawa zilivyo. Mshikeni mkono." Wakamshika, wakanunua. Yeye mwenyewe alifurahi. Alileta chupa karibu na pua apate kuona kama imejaa sawa, akawatania wateja, wakamzoea, wakawa wanamuulizia yeye badala ya mimi. Mtoto aliyekimbiwa shuleni sasa watu wazima wanamwita kwa jina kutoka ng'ambo ya barabara. Mngekuwa ninyi, mngemzuia?

Mume wangu alimletea kofia kutoka kwenye mitumba, ya majani, pana hivi. Akaivaa mnada mmoja. Mnada wa pili nikamwambia, "Vua, mwanangu, watu waone uso." Akavua. Nimeyasema maneno hayo mwenyewe, kwa mdomo huu.

Hatukuwa na kivuli pale mnadani. Saa saba, saa nane, alikuwa ananiambia, "Mama, jua linauma." Na mimi nilikuwa namjibu, "Paka tena." Nilimmiminia kiganjani, akapaka usoni na shingoni, na uso uking'aa mimi nilitosheka. Niliamini, mayu. Sikumdanganya. Niliona ngozi imekuwa laini, nikaamini ngozi laini ni ngozi iliyopona, na iliyopona jua haliiwezi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, kwa sababu ilinifaa. Miaka mitano tulikwenda hivyo.

Akiwa na miaka kumi na saba kikatoka kidonda nyuma ya sikio. Kidogo, kama cha kuumwa na mdudu. Nikapaka mafuta. Kikakauka juu, kikatoa ganda, ganda likadondoka, kikatoa damu. Nikapaka tena. Akawa anakifunika kwa kitambaa wateja wasione. Miezi ikapita, sitaki kuwaambia mingapi. Siku moja nikiwa namsuka nikashika uvimbe shingoni, chini ya kile kidonda, mgumu kama kokoto. Mikono yangu ikaacha kusuka.

"Umeona nini, mama?"

"Hakuna."

Tulipanda basi kwenda Mwanza, mimi na yeye. Kwenye hospitali ile kubwa daktari alimtazama, akampima, akaniita peke yangu. Akasema ni kansa ya ngozi, inaletwa na jua, na imeshashuka shingoni. Akaniuliza kilianza lini. Nikasema. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, "Mama, kingekuja kikiwa kidogo, tungekikata tu."

Nikatoa chupa kwenye mkoba. Nilikuwa nayo kila mahali. "Nilikuwa nampaka hii kila siku. Ndiyo iliyomdhuru?"

Akainusa, akapaka kidogo mkononi mwake. "Haya mafuta hayana kosa. Yanashika maji kwenye ngozi, yanaondoa ukavu. Lakini jua hayalizuii. Hata kidogo. Alikuwa anavaa kofia?"

Mpaka leo sijamjibu yule daktari.

Walifanya walichoweza. Tulikaa wodini wiki sita. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyekuwa akinipa kiti chake usiku, naye akipita zamu nzima amesimama. Binti yangu alikonda mpaka macho yakawa makubwa. Asubuhi moja akaniambia, "Mama, miguu imekauka. Nipake." Nikasema sitaki, mafuta yale sitaki hata kuyaona. Akasema, "Yananipa raha. Nipake tu." Basi nikakaa chini kwenye sakafu ya wodi, nikalowesha miguu yake kwa kitambaa, nikampaka kidole kwa kidole, naye akafumba macho. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba na yeye apakwe. Nikampaka.

Tulimrudisha nyumbani. Alifariki siku ya Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Tukamzika Mwamapalala.

(Nipeni maji kidogo. Asante, mayu. Naendelea.)

Nilimwaga gliserini yote niliyokuwa nayo nyuma ya nyumba. Sisimizi na nyuki walijaa pale siku mbili kwa ule utamu. Nikaacha kwenda mnadani, nikaacha kwenda kanisani. Watu walikuja kunipa pole, wakasema ni mapenzi ya Mungu, na kila aliyesema hivyo nilimchukia, kwa sababu nilijua Mungu hakumwambia mtoto avue kofia. Lakini sikusema. Niliwaacha waamini kwamba ni ugonjwa tu uliokuja.

Mume wangu naye alikuwa amenyamaza. Niliogopa ule ukimya. Nilijua siku atakayofungua mdomo atanihukumu, na atakuwa na haki. Siku moja, tunapukuchua mahindi, akafungua.

"Mimi nilimnunulia kofia, nikajiona nimemaliza kazi ya baba."

Akachukua hindi lingine.

"Nilikuwa nampita pale mnadani, namwona kichwa wazi. Nikanyamaza, kwa sababu tulikuwa tunakula. Usibebe peke yako, mama."

Tukalia wote wawili juu ya yale mahindi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Lakini hata hapo, ndugu zangu, tulikuwa tumeambiana sisi kwa sisi tu. Nje hakuna aliyejua.

Ulipita kama mwaka. Akaja mwanamke kutoka Mwandoya, na mtoto mgongoni amefunikwa kanga mpaka kichwani. Amelala njiani ili afike. Akauliza kwa majirani, wakamwelekeza. Akaketi, akamfungua mtoto. Wa kike, miaka miwili, mwenye ualbino, mashavu yamebabuka.

"Wewe ndiye mwenye mafuta ya zeruzeru? Nimesikia yanawaponya. Nimeambiwa binti yako ngozi yake ni kama ya malaika."

Habari ya uzuri ilikuwa imefika Mwandoya. Habari ya kifo haikuwa imefika.

Nikataka kumwambia nimeacha kutengeneza, aende zake. Lingekuwa jibu jepesi. Lakini yule mtoto alikuwa ananikodolea macho yale yanayochezacheza, nayajua, na mdomo umepasuka. Nikamwambia mama yake, "Binti yangu amekufa. Mafuta yangu hayakumwokoa, na mimi ndiye niliyemkalisha juani nikidhani yatamwokoa. Nilimwambia avue kofia ili niuze." Nilisema yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu wa nje.

Nilidhani atanitemea mate. Alikasirika kweli. "Nimetoka Mwandoya na mtoto mgongoni kuja kuambiwa hivi?" Akaanza kumfunga mtoto. Kisha akasimama hapo mlangoni, mgongo amenipa, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nifanye nini?"

Hapo ndipo nilipoinuka, akina mama. Sikupona siku hiyo, ila niliinuka. Nilimpeleka kwa mwenye duka yule yule, nikanunua kichupa. Nikachemsha maji. Nikamchanganyia mbele ya macho yake, huku namwambia, "Haya ni ya ukavu tu. Mpake akishaoga, midomo itafunga, atalala vizuri. Lakini jua hili hayaliwezi. Kwa jua ni nguo ya mikono mirefu, ni kofia pana, ni kukaa kivulini, na jembe la mchana mwenzake amlimie. Na kidonda kikikaa wiki tatu hakiponi, usipake kitu. Panda basi." Nikayarudia maneno hayo mara tatu, mpaka akaniambia, "Nimesikia, mayu, nimesikia."

Nikarudia kazi. Tangu siku hiyo sijamuuzia mtu chupa bila kumwambia kwanza haifanyi nini. Wapo walioniona mjinga. Mmoja aliniambia, "Mama, unafukuza wateja wako." Wengine niliwafukuza kweli. Lakini kutoka vijijini walianza kuja akina mama wenye watoto kama wangu, siyo kununua, kuuliza. Wawili niliwapeleka Mwanza mimi mwenyewe, vidonda vikiwa vidogo. Vilikatwa. Mmoja wa wale watoto ameolewa sasa. Nilialikwa harusini, nikaenda, nikacheza, nikatoka nje nikalia, nikarudi nikacheza.

Namshukuru mwenye duka; alinipa maarifa ya kweli, na nilichokiongezea ni changu. Namshukuru muuguzi wa kiti. Namshukuru mume wangu aliyekubali kubeba upande mmoja wa mzigo. Namshukuru yule mama wa Mwandoya kwa kusimama pale mlangoni badala ya kuondoka. Mungu namshukuru pia. Tulikosana, tukapatana polepole.

Funzo langu ni hili. Mtengenezapo kitu kizuri, jifunzeni mwisho wake uko wapi, na muutamke kwa sauti hata kama mteja atawaacha. Mtu akikuambia "inauma," usimpe ulichonacho mkononi kabla hujamuuliza inauma wapi. Na msije mkaniambia baadaye kwamba sikuwa na kosa. Najua mnataka kunifariji. Nilimzaa, nilimpenda, nilimkosea. Niacheni nayo yote, nimeshazoea uzito wake.

Haya. Mwenye kiberiti awashe jiko, tuchemshe maji. Lakini aliye na mtoto kama wangu nyumbani asisubiri mafuta. Aje kwanza hapa pembeni, tukae.