Bwana Geuza Anaondoka, Jibu Limebaki Limefunikwa

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mkuu wa Uchambuzi katika maabara yetu, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Bwana Geuza, anastaafu.

Kwa faida ya wageni waliokuja kwa ajili ya keki, kazi yake ni hii. Ulimwengu ulipoanza, inaaminika kwamba maada na pacha wake, maada kinzani, walizaliwa sawasawa. Pacha hao wakikutana huangamizana, kwa hiyo kwa haki tusingebaki sisi wala viti mlivyokalia. Tumebaki. Kuna aliyependelewa. Bwana Geuza ametumia maisha yake kuutafuta upendeleo huo: kugonganisha chembe, kuzalisha kwaki nzito, vipande vidogo mno vya maada, na pacha zao, kisha kuangalia kama za upande mmoja huvunjika tofauti kidogo na za upande wa pili. Katika maabara ambayo upendeleo huonekana kwa macho kila zinapogawiwa safari za nje, yeye aliutafuta mahali pagumu.

Jina lake limetokana na sumaku. Sumaku yetu kubwa huvuta chembe kushoto na pacha zao kulia. Upande mmoja wa mtambo ukiwa mzito wa kunasa chembe, utadhani ulimwengu una upendeleo, kumbe ni mashine tu. Dawa yake ni kuigeuza sumaku nusu ya muda, makosa yafutane. Wengine hugeuza kazini, wakaishia hapo. Yeye aliwahoji waombaji kazi mara mbili mbili, akibadilisha nani aanze. Mikutanoni alihamia upande wa pili wa meza kabla ya kupiga kura. Mkewe, shemeji yetu, anasema godoro lao limegeuzwa mara nyingi kuliko sumaku, na kwamba mtu anayetafuta asili ya ulimwengu hajawahi kuipata miwani yake mwenyewe.

Sasa, kwetu jibu hufunikwa. Kompyuta hulichanganya na tarakimu ya siri ili mtu asilivutie anakotaka, na halifunuliwi mpaka kazi yote iishe. Mwezi uliopita Mkurugenzi, kwa moyo mweupe kabisa, alipendekeza tulifunue leo, mbele ya wageni rasmi, liwe zawadi ya mstaafu. Keki iliagizwa. Hotuba ya ushindi iliandikwa, pakaachwa nafasi ya kujaza jibu. Kamati iliyowahi kubishana msimu mzima kuhusu rangi ya grafu jana ilikubali kabla chai haijapoa.

Hakuna aliyelitamani jibu hilo kuliko Bwana Geuza, na kila mtu mezani alilijua hilo. Alinyanyuka, akahamia upande wa pili.

"Data za sumaku iliyogeuzwa hatujazichambua," alisema. "Mkifunua kesho, mtakuwa mmepima mashine, si ulimwengu."

Mkurugenzi alimkumbusha kwamba uchambuzi huo utachukua mwaka mzima, naye hatakuwepo. Alijibu kwamba hesabu hiyo anaijua. Sote tukatazama vikombe vyetu, kisha kamati ikaufuta uamuzi wake.

Ndiyo maana keki ya leo haina maandishi. Yalikwanguliwa asubuhi kwa kisu, na hotuba ya Mkurugenzi imekuwa fupi kupita zote tulizowahi kusikia, jambo ambalo nalo tunamshukuru mstaafu.

Bwana Geuza, asante kwa kutufundisha kutojidanganya hata pale tulipojiandaa vizuri kwa kazi hiyo. Kesho kadi yako ya mlango itazimwa, na kanuni za kutunza siri, ulizoziandika wewe, zinatukataza kukudokezea lolote. Tutaziheshimu. Siku jibu litakapotangazwa tutakuja kwako sote, kabla ya gazeti lolote, kukwambia ni nani aliyependelewa na kwa kiasi gani. Tunakutakia afya njema, usingizi mtamu na siku nyingi za kupumzika na shemeji. Nasi tuna ombi moja tu, mzee wetu: tukibisha hodi, tukukute.